Bunduki, Katiba na Mipaka ya Serikali

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wananchi wa wadi. Imechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.



Nilipokuja hapa mara ya mwisho nilileta habari za bajeti. Nilipomaliza, mzee mmoja alisimama akaniuliza swali lisilohusu bajeti hata kidogo. Alisema: "Kijana wangu, nasikia kule Marekani mtu anaweka bunduki nyumbani na katiba inamlinda. Mimi ng'ombe wangu walichukuliwa usiku, polisi wakafika asubuhi. Katiba yangu inanilinda na nini?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nilimwambia nitarudi na jibu.

Tuanze huko Marekani, maana mengi tunayoyasikia ni ya sinema.

Kifungu anachokitaja mzee ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791. Ni sentensi moja tu. Inataja kikosi cha wanamgambo cha raia kilicho na utaratibu, kisha inasema haki ya watu kuwa na silaha isivunjwe. Walioiandika walikuwa wametoka vitani. Mwaka wa 1775 askari wa Mwingereza walikwenda mji wa Concord, Massachusetts, kunyakua silaha na baruti za wakazi, na vita vikaanzia hapo. Ndiyo maana waliogopa serikali kuu yenye jeshi lake, na wananchi mikono mitupu.

Lakini tazameni haki hiyo ilivyotumika. Baada ya watumwa kuachiliwa huru, jimbo la Mississippi lilipitisha sheria mwaka wa 1865 ya kumzuia Mwafrika aliyeachiliwa asiwe na bunduki bila leseni. Mwaka wa 1873, katika mji wa Colfax, Louisiana, watu weusi wengi waliuawa na genge la wazungu wenye silaha. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamua mwaka wa 1876 kwamba Marekebisho ya Pili yanaifunga serikali kuu peke yake. Ukinyang'anywa silaha na jirani yako, au na jimbo lako, hayo si ya katiba ya taifa. Haki ilikuwa imeandikwa, lakini aliyeihitaji zaidi hakuipata.

Uamuzi huo ulikaa zaidi ya miaka mia moja. Ndipo akaja mzee mmoja wa Chicago, Otis McDonald, mtu mweusi, mstaafu, mtoto wa wakulima maskini wa Louisiana hiyo hiyo. Nyumba yake ilikuwa imevunjwa mara kadhaa. Alitaka bastola, lakini jiji lilikuwa limezipiga marufuku tangu 1982. Alilishtaki jiji. Mwezi wa Juni 2010, majaji watano dhidi ya wanne walisema haki hiyo inayafunga majimbo na mabaraza ya miji pia. Chicago ikalazimika kubadilisha sheria yake.

Hata hivyo, msidhani kule kila mtu anabeba anachotaka. Mwaka wa 2008, mahakama hiyo iliposema kwa mara ya kwanza waziwazi kwamba ni haki ya mtu binafsi, ilisema pia haki hiyo ina mipaka: waliohukumiwa kwa makosa makubwa wanaweza kunyimwa, na bunduki zinaweza kukatazwa shuleni na katika majengo ya serikali. Mwaka wa 2024 majaji wanane kati ya tisa walikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya korti kwa kumtishia mpenzi au mkewe anaweza kupokonywa silaha.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka uombe leseni kwa bodi ya serikali ya kitaifa, uonyeshe sababu nzuri, na bodi iridhike kwamba unafaa. Leseni hiyo inaweza kufutwa. Kaunti haina mamlaka hapo, kwa hivyo msiwasumbue waakilishi wadi. Na wale askari wa akiba tunaowajua, bunduki walizopewa ni za serikali, si za ukoo.

Mahali katiba yetu inapogusa silaha na haki ya mwananchi kwa pamoja ni Kifungu cha 37: una haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa serikali, kwa amani na bila silaha. Waliotuandikia katiba ya 2010 waliiogopa serikali pia, nadhani zaidi ya Wamarekani, maana walikuwa wameiona kwa macho. Ila uzio walioujenga ni wa namna nyingine. Kifungu cha 2 kinafunga kila mtu na kila ngazi ya serikali. Cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini haki yake ikivunjwa.

Na uzio huo unauma. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ninayesema haya naajiriwa na kaunti. Siku ile ofisini kwetu ingekuwa sisi, ningeandika taarifa ngumu sana kwa vyombo vya habari.

Mzee, najua hukuuliza habari za Kiambu. Uliuliza habari za usiku ule. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inaunda Mamlaka ya Polisi katika kila kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mtu aliyemteua, na lazima wawemo watu wa jamii. Kazi yao ni pamoja na kufuatilia uhalifu na kupendekeza polisi watangulize nini. Polisi kufika asubuhi ni jambo la kupelekwa huko, likiwa na tarehe, saa mliyopiga simu na saa waliyofika. Kifungu cha 119 nacho kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni, kwa sababu usalama ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Hilo halirudishi ng'ombe, na sitajifanya linarudisha. Nimekuja na karatasi na kalamu. Tukimaliza maswali nitakaa pale chini ya mti, na yeyote aliyeibiwa tangu mwaka jana aje na tarehe zake tuandike.