Kiatu cha Juba: Kati ya Nembo na Neno la Muuzaji



Anayechunguza jinsi watu wanavyoshikamana na chapa moja ya vifaa hupata mfano mzuri kwa mcheza gofu. Sheria za mchezo zinamruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, na mara nyingi utakuta nyingi kati yake zina jina moja. Ana sababu. Mkono ukishazoea uzito wa fimbo, kuibadilisha ni kuanza kujifunza upya. Hata hivyo, Agosti 2016 Nike ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza fimbo, mipira na mifuko ya gofu. Brooks Koepka, mchezaji aliyekuwa akitumia fimbo zao, hakukimbilia mkataba wa kampuni nyingine. Alichanganya fimbo za watengenezaji mbalimbali, akashinda US Open mwaka 2017, akaishinda tena 2018. Aliweza kwa sababu alikuwa na nafasi ya kujaribu: anapiga, anautazama mpira unavyoruka, anapima, anaamua. Hata mwanachama wa kawaida wa klabu ya Entebbe, ambako gofu imekuwa ikichezwa tangu 1901, anaweza kuazima fimbo ya mwenzake na kupiga mipira kadhaa kabla ya kutoa fedha yake. Chapa kwake ni hitimisho la majaribio.

Sisi hapa Juba, Sudan Kusini, mchezo wetu ni mpira wa kikapu, na kifaa chetu ni kiatu. Nataka kuonyesha kwamba mchezaji wetu naye ni mwaminifu, tena sana, lakini uaminifu wake hauelekei kule wanakodhani wenye viwanda.

Tuanze na namba ya kiatu, maana kwetu ndiyo swali la kwanza. Khaman Maluach, kijana wetu aliyekulia Uganda, alipoanza kucheza kikapu mwaka 2019 alivaa Crocs. Miaka sita baadaye, Juni 2025, alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA. Kijana mwenye urefu wa mita 2.18 haulizi kama kiatu ni Nike au Adidas. Anauliza kama kipo kinachomwingia. Maduka ya dunia hupanga mizigo yao kwa kufuata miguu ya walio wengi, na wachezaji wetu wengi hawamo humo. Kwa hiyo mtu anapowaambia vijana wetu kwamba wanapenda majina makubwa kwa sababu ya kujionyesha, namwona anawaonea. Wengi hawajawahi kuwa na viatu viwili mbele yao wakachagua kimoja.

Baada ya namba linakuja swali la ukweli wa nembo. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anaujua ubovu wa gari, mnunuzi haujui. Mnunuzi akihofia kudanganywa, hatoi bei nzuri. Bei ikishuka, mwenye gari zima analiondoa sokoni, na yanabaki mabovu. Moja ya dawa alizozitaja Akerlof ni jina la chapa: kampuni yenye jina inaogopa kulipoteza, hivyo jina hilo ni ahadi. Hoja hiyo ni nzuri pale ambapo jina haliwezi kubandikwa na yeyote. Lakini raba feki hubeba nembo ileile, rangi zilezile, hata boksi lilelile. Ahadi imeandikwa na mtu ambaye hutampata ukimtafuta. Katika soko la namna hiyo, nembo ndiyo habari ndogo kuliko zote zilizoko juu ya kiatu.

Kuna njia nyingine, mitumba, na wachezaji wengi wanaiamini zaidi kuliko kiatu kipya. Kiatu cha mtumba kimekwisha kujaribiwa na mguu wa mtu. Kilichokuwa kibovu kimekwisha kujitangaza. Mwaka 2016, mwaka uleule tulioingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakuu wa nchi wanachama walikuwa wamekubaliana kuviondoa polepole viatu na nguo za mitumba. Rwanda iliposhikilia uamuzi huo na kupandisha ushuru, Marekani ilisimamisha mwaka 2018 nafuu ya kuingiza nguo za Rwanda bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Viwanda vya kwetu navitaka kwa moyo wote. Ila aliyepanga kuufunga mlango wa mitumba alipaswa kwanza kumwuliza mchezaji mwenye mguu mkubwa angepita wapi.

Mtumba nao una siri yake. Viatu vingi vya michezo vina tabaka la povu katikati ya soli, na povu la poliurethani huharibika kwa unyevu taratibu, hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini. Unaweza kununua kiatu kinachong'aa kama kipya, ukakimbia nacho jioni moja, na soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Halafu kuna uwanja wenyewe. Viatu vingi vya kikapu hutengenezwa kwa ajili ya sakafu laini ya mbao ndani ya ukumbi: mpira wa soli ni mwororo, michirizi yake ni midogo, ili ishike sakafu. Juu ya saruji iliyo wazi, michirizi hiyo husagika upesi. Nike yenyewe huandika herufi XDR kwenye baadhi ya soli zake ngumu zaidi. Ongeza joto letu, lile lililofanya serikali ifunge shule Machi 2024, na utaelewa kwa nini gundi huachia, na kwa nini fundi viatu mwenye sindano na uzi mnene ni mtu muhimu kwa timu zetu. Na saruji ndiyo tuliyo nayo: timu yetu ya taifa iliyofungwa na Marekani kwa pointi moja tu jijini London, 101 kwa 100, Julai 2024, na siku chache baadaye ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki ya Paris, ilitoka katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa kikapu.

Basi uaminifu unaenda wapi? Unaenda kwa mtu. Mchezaji anarudi kwa muuzaji yuleyule wa soko la Konyo Konyo kwa sababu muuzaji huyo ana kibanda, ana majirani, ana jina ambalo kesho linaweza kuharibika. Anamsikiliza kocha, na anamsikiliza mchezaji aliyemtangulia. Katika kikapu chetu huo ndio urithi: Manute Bol, mchezaji wetu wa zamani wa NBA, aliwafundisha Luol Deng na ndugu zake walipokuwa wakimbizi Misri, na Luol ndiye anayeongoza shirikisho letu tangu 2019. Ahadi ambayo Akerlof aliiona kwenye jina la kampuni, sisi tumeihamishia kwenye jina la mtu tunayeweza kumfuata nyumbani kwake.

Siusifu utaratibu huu wa kumwamini mtu bila kuona kasoro zake. Habari inayopita kwa watu humfikia mwenye watu. Kijana aliyeingia Juba jana hana muuzaji wake. Msichana anayeanza kucheza, asiye na kaka uwanjani wala kocha anayemwita kwa jina, ananunua kwa kubahatisha na kulipa makosa yake peke yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na naliomba kwa chuo chetu na kwa shirikisho kwa pamoja. Tuweke daftari la wazi. Mchezaji aandike aina ya kiatu, namba, kipya au mtumba, muuzaji, tarehe ya kukivaa mara ya kwanza na tarehe soli ilipokwisha. Wanafunzi wa uchumi wahesabu yaliyomo, na matokeo yabandikwe ukutani ambapo kila mtu atayasoma. Daftari la kwanza liwekwe kwenye uwanja wa Nimra Talata, na litunzwe na timu za wasichana, maana wao ndio walio mbali zaidi na habari hizi.