MBWA MKUBWA NAYE ANA WOGA

Juma hili tunaacha migomba na maharage, tunazungumza juu ya mlinzi anayelala nje ya zizi la mbuzi, yaani mbwa. Maneno haya ni ya wafugaji wote, lakini leo tunawaelekea hasa ninyi wa Murusagamba, wilayani Ngara, na jirani zenu wa Biharamulo.

Wengi wetu husema, "Huyu wangu ni dume kubwa, haogopi kitu." Sivyo, ndugu. Ukubwa wa mwili hauondoi woga. Mbwa wengi tunaowaita wakali ni waoga tu, na mbwa mkubwa akiuma kwa woga, jeraha lake ni kubwa.

Je, anaogopa nini? Kwanza, ngurumo. Mvua za vuli zinapoanza, utamwona anatetemeka, anahema, anajificha ghalani, au anakata kamba na kukimbia. Usimpige wala usimfukuze. Mwachie pahali pakavu pa kujificha. Na usimfunge kamba karibu na ua, maana akiruka anaweza kujinyonga.

Pili, huogopa mgeni anayemjia mbio, anayemwinamia na kumkazia macho. Tatu, huogopa fimbo. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mbwa aliyezoea kipigo, ukiinua hata mpini wa jembe hudhani ni zamu yake. Nne, huogopa kubanwa pembeni pasipo na njia ya kutokea.

Kabla ya kuuma, mara nyingi husema kwa mwili. Hufyata mkia, hulaza masikio, hugeuza uso pembeni, hulamba midomo, hupiga miayo na hali hana usingizi. Akipata njia, hukimbia. Akiikosa, hukakamaa, hunguruma, kisha huuma. Basi akinguruma, rudi nyuma taratibu, mpe njia. Usimpige kwa sababu ya kunguruma: ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kukuonya. Wafundisheni na watoto hivyo hivyo.

Sasa sikiliza hatari yenyewe. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, bwana mifugo anafika kijijini, na mwenye mbwa anasema, "Wangu hashikiki," anamwacha nyumbani. Kumbe yule aliye mwepesi zaidi wa kuuma ndiye anayebaki bila chanjo! Na ugonjwa huu, dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa ilijulikana tangu 1885, alipoitumia Louis Pasteur kule Ufaransa. Basi isiwe sisi tunashindwa kwa sababu ya kamba tu.

Tufanye nini? Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa, tangu juma la 3 hadi kama la 14, mzoeze kushikwa mwili mzima, kufungwa kamba, kuona wageni, watoto na pikipiki. Aliyekwisha kua naye hufundishika, ila polepole: mvalishe kamba wakati wa kumpa chakula, siku nyingi kabla ya chanjo. Siku yenyewe aletwe na mtu mzima anayemjua, asitumwe mtoto. Simama naye mbali na mbwa wengine. Ikibidi, mfunge mdomo kwa kitambaa kwa dakika chache, kisha umfungue.

Lakini tusichanganye mambo. Woga una sababu, na sababu ikiondoka, mbwa hutulia. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla, anayeuma ovyo hata miti na mawe, anayetokwa na udenda, sauti yake imegeuka na hawezi kumeza, huyo mshuku kichaa. Usimguse, mwarifu bwana mifugo upesi. Wala usingoje kuona kama anaogopa maji. Anayeogopa maji ni binadamu aliyeugua; mbwa mwenye kichaa anaweza hata kuyavuka.

Na mtu akiumwa, hata kama unaamini mbwa alishtushwa na radi tu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15. Usipake majani wala masizi. Kisha mpeleke kwenye kituo cha afya siku ile ile ili aanze chanjo. Hata mkwaruzo mdogo usiudharau.

Ndugu wafugaji, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba kila mwaka. Isikukute hujaanza. Jioni ya leo, mbwa wako akija kula, mguse shingo, mguse masikio, mwonyeshe kamba, kisha mwache ale kwa amani. Kesho fanya tena. Siku bwana mifugo atakapofika, utakuja na mbwa wako mkononi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.