Simu zetu siku ya mafuriko: nilichosema kwenye semina ya vijana

(Haya ndiyo niliyozungumza kwenye semina ya vijana wa jimbo letu Jumamosi. Wengi mmeomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Mada niliyopewa ni ndefu: matumizi ya teknolojia ya habari katika kukabiliana na majanga na dharura. Aliyeiandika ni katibu mwenezi, na mnamjua kwa maneno marefu. Mimi naomba nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa nyuma, masika, Mto Msimbazi ulifurika usiku. Nilikuwa admin wa grupu la WhatsApp la vijana wa kwetu Kigogo. Ikaingia picha ya watoto wako juu ya bati, maji pande zote, chini imeandikwa "Jangwani sasa hivi, saidieni". Sikuuliza. Niliirusha kwenye magrupu kumi na moja. Vijana watatu wakachukua kamba, wakatoka Mburahati kwa miguu, wakazunguka Jangwani zaidi ya saa nzima kwenye mvua. Hawakumwona mtoto yeyote. Ile picha ilikuwa ya zamani, na baadaye tukagundua hata si ya Dar es Salaam.

Wakati huohuo, kwenye grupu letu lilelile, kijana mmoja alikuwa ameandika: "Bibi amekwama chumbani, maji kifuani, nyuma ya msikiti." Ujumbe ule ulikaa pale dakika arobaini. Ulizikwa na picha yangu, na mikono ya kuomba, na watu wanaoandika "Mungu awasaidie". Bibi alitolewa na jirani aliyesikia kelele akavunja tofali za dirishani. Alipona. Mjukuu wake alijitoa kwenye grupu asubuhi ile na mpaka leo tukikutana njiani ananisalimia kwa kichwa tu.

Sasa jiulizeni, usiku ule tulikosa nini? Simu tulikuwa nazo. Bando lilikuwepo. Vijana wenye moyo na kamba walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma, kuuliza "msikiti upi?" (maana Kigogo haina msikiti mmoja), na kuwapigia wale wa kamba.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, mengine yote ni maelezo yake. Watu wanapenda kuniambia tutengeneze programu ya simu. Jamani, programu tunazo nyingi. Tunakosa watu wa upande wa pili wa ujumbe.

Angalieni wenzetu Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu yake, akaomba watu wa kompyuta wasaidie kuweka matukio kwenye ramani. Wakajitokeza akina Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, na ndani ya siku chache za Januari 2008 tovuti ikawa hewani. Jina wakalipa kwa lugha yetu: Ushahidi. Mtu anatuma ujumbe wa simu wa kawaida au anaandika kwenye tovuti, tukio linaonekana kwenye ramani. Tunaposimulia habari ile tunasifia ramani. Lakini ramani haijijazi yenyewe. Kulikuwa na watu wanakaa wanasoma ujumbe mmoja mmoja na kujaribu kuuhakiki kabla ya kuupachika.

Miaka miwili baadaye programu ileile ikaenda Haiti. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliangusha Port-au-Prince, na ikafunguliwa namba fupi, 4636, bure kwa kila mtu. Ujumbe uliingia kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi kutoka nje hawakuijua. Wahaiti walioko ughaibuni wakakaa kwenye kompyuta zao usiku na mchana wakitafsiri. Wanafunzi wa Boston wakawa wanatafuta kila mtaa uliotajwa uko wapi hasa. Na ramani yenyewe ya mji haikuwa na kitu cha kutosha, kwa hiyo wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap wakaichora barabara kwa barabara kutoka kwenye picha za setilaiti. Mtu aliyekuwa barafuni Boston akamsaidia mtu aliyekuwa vumbini Haiti. Lakini hesabuni mikono iliyopitia ujumbe mmoja: aliyeandika, aliyetafsiri, aliyetafuta mahali, aliyepeleka kwa waokoaji. Mkono mmoja ukikosekana, ujumbe unakufa.

Na msidhani hayo ni ya mbali. Hapahapa Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupita mitaani pamoja na wakazi, wakichora mifereji, vichochoro na nyumba. Tandale ilichorwa hata kabla yake, 2011. Walijifunza kitu ambacho mhandisi ofisini hakijui: mama wa bondeni ndiye anayejua maji huingia kupitia wapi na hufika wapi ukutani. Ramani zile ziko wazi mtandaoni, hazina nywila wala ada. Nyoosheni mikono, nani hapa amewahi kufungua ya mtaa wake? (Walinyoosha wanne. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya sitini.)

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi, nalo halihitaji setilaiti. Ni orodha. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Kivuko cha kubeba watu 101. Walikufa watu zaidi ya 220. Na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kuwaambia ndugu walioko ufukweni kwamba ndani walikuwemo wangapi, kwa sababu kumbukumbu za tiketi zilikuwa ndani ya chombo kilichozama. Nchi hii unanunua umeme kwa simu ya kitochi na rekodi inabaki kwenye seva. Kushindwa kutuma hesabu ya abiria nchi kavu kabla chombo hakijang'oa nanga si tatizo la teknolojia. Hapo ndipo tunapotakiwa kubana, bungeni na kwenye mabaraza ya madiwani, kwa swali moja la wazi: orodha ya abiria inakaa wapi?

Swali la pili la kubana. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa, huwa linataja mkoa. Sawa, ndiyo kazi yao. Nani analigeuza kuwa "watu wa bondeni tokeni usiku huu, nendeni shule fulani"? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya chini. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa wenu, hata kama si wa chama chetu, muulizeni kwa heshima: mzee, kamati yetu ni akina nani, na namba zao ni zipi? Japan tangu 2007 wananchi wanapata onyo la tetemeko kwenye simu kwa njia ya mnara, linaruka kwa kila simu iliyo eneo lile bila kuhitaji namba yako wala bando. Siyo muujiza, ni uamuzi.

Na ndiyo, lazima niliseme na hili: Oktoba 2020 mitandao ilipobanwa, wengi tulilia kwa sababu ya kura. Lakini mtandao ule ule ndio anaotumia mjamzito kuita bajaji saa nane usiku.

Tuje kwetu. Wengine mnaogopa kutoa taarifa kwa sababu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo. Woga huo nauelewa. Dawa yake ni nidhamu. Andika ulichokiona wewe, mahali, saa, watu wangapi. Kama umeambiwa, sema umeambiwa. Picha usiyoijua ilikotoka, ikae kwenye simu yako.

Mahali panapatikana bila bando. Simu janja inasoma setilaiti bure. Itakupa namba mbili, kwa hapa mjini zinaanzia -6 na 39. Chukua tarakimu nne baada ya nukta, umefika karibu mita kumi na moja za mlango wa bibi. Zitume kwa ujumbe wa kawaida, maana siku ya janga kupiga simu kunagoma lakini ujumbe mfupi mara nyingi unajipenyeza. Moto ni 114, polisi 112. Na chaji simu mchana ukisikia angalizo, maana minara nayo ina betri na betri huisha.

Kuna karatasi inazunguka kuanzia nyuma. Naomba watu wawili kila kata, wa zamu, wanaokubali kuamshwa usiku. Siku ya mvua grupu litafungwa, wawili hao tu ndio wataandika, wengine mtawatumia wao. Atakayeandika jina aweke na namba ya kitochi, siyo ya simu janja peke yake. Kigogo nimeshajiandika. Nafasi ya pili nimeiacha wazi, kuna mtu nataka nimwombe mwenyewe, uso kwa uso.

Maswali?