Daktari Wetu Hakufukuzwa
(Maneno ya kamati katika mkutano wa vikundi vya kusaidiana)

Tumesimama hapa kama kamati kwa sababu kuna maneno yanazunguka sokoni na hata kisimani, ati yule daktari wetu tuliyemchangia nauli ya kwenda Marekani amefukuzwa. Wengine wanataka pesa zirudi. Mama yake amekosa mikutano mitatu, na sababu tunaijua.

Hakufukuzwa. Amehama. Alikuwa akisomea upasuaji, sasa anasomea udaktari wa familia.

Jameni, hata sisi hatukuelewa mpaka alipotueleza kwa simu. Kule, mtu akimaliza shule ya udaktari huingia hospitalini kufanya kazi ya mshahara huku akifundishwa na mabingwa. Nafasi hugawanywa kwa kompyuta kila mwezi wa Machi, na kazi huanza Julai. Upasuaji ni miaka 5, udaktari wa familia ni 3. Mkataba huandikwa mwaka kwa mwaka, kwa hivyo kuhama si kuvunja sheria. Lakini si rahisi. Lazima upate hospitali nyingine yenye nafasi wazi, na mkuu wa kule unakokwenda hutaka barua kutoka kwa mkuu wako wa sasa. Hebu fikirieni: unamwendea mkubwa wako umwambie unataka kuondoka, na hujui kama utapata pengine! Alikaa na jambo hilo miezi kadhaa. Hata mama yake hakumwambia.

Tena yeye ni mgeni kule. Mwenye viza ya mafunzo kama yake huruhusiwa kubadilisha fani mara moja tu, na iwe ndani ya miaka 2 ya kwanza. Angengoja zaidi, mlango ungefungwa. Na mwaka wake wa upasuaji haukuhesabiwa wote. Ameanza karibu na chini.

Mbona basi ahame? Si uvivu. Tangu 2003 sheria yao ni saa 80 kwa wiki, na hapo walihesabu wamepunguziwa! Alituambia mgonjwa humwona akiwa usingizi wa dawa, na akiamka yeye yuko kwa mwingine. Alitaka kumjua mtu, na mtoto wake, na nyanya yake.

Tulimwuliza kama atarudi. Viza hiyo humtaka mtu akimaliza akae kwao miaka 2, isipokuwa apewe ruhusa ya kubaki. Alinyamaza kidogo, akasema hajaamua. Tunawaambia vile alivyosema.

Kuhusu pesa, daftari linaonyesha ulikuwa mchango, si mkopo. Aliyekwenda usiku kumdai mama huyo ni mmoja wetu hapa kamatini. Jumapili tulikwenda sote kumwomba radhi. Alitupa chai, hakusema kama atakuja. Zamu yake ya kupokea pesa za kikundi ni mwezi ujao, na haijaguswa.