HESI ZISIZO ZA KAWAIDA: TUPIME KWANZA, NDIPO TUKATE

(Maelezo yaliyotolewa kwa watunza bohari, mafundi wa karakana na wananchi)



Nimepewa fursa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini hasara yake ni kubwa. Jambo lenyewe ni hesi za ndani, yaani yale meno ya mzunguko yaliyokatwa ndani ya nati au ndani ya tundu la mtambo, ambayo mafundi wetu wengi huyaita thredi. Pampu ikisimama kwa sababu nati moja imeliwa meno, mtaa mzima hukosa maji. Boti ikipoteza nati ya rafadha, safari huvunjika na mgonjwa aliyekuwa avushwe hubaki gatini. Nati yenyewe haizidi kiganja cha mkono, lakini ikiwa hesi zake si za kawaida, haipatikani dukani.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini hesi zimekuwa za namna nyingi. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja kwa nchi yake, na jino lake lilikuwa na pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani alipendekeza chake, chenye pembe ya digrii 60. Hesi za milimita zitumikazo leo katika nchi nyingi nazo zina digrii 60, lakini hazilingani na zile za inchi. Visiwa vyetu vilipokea mitambo ya Uingereza katika siku za himaya, hadi 1963. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 tukapokea mitambo ya nchi zipimazo kwa milimita, ikiwemo China. Kwa hiyo si ajabu fundi mmoja kukutana na mifumo yote hiyo katika kazi zake.

Madhara ya kutolingana huku yalionekana wazi katika mji wa Baltimore, Marekani, mwezi wa Februari 1904. Moto mkubwa ulizuka, na vikosi vya zimamoto vya miji mingine vikaja kusaidia. Mipira mingi ya maji waliyokuja nayo haikuweza kufungwa kwenye mabomba ya mji ule, kwa kuwa viungo vyake havikulingana. Zaidi ya majengo 1,500 yaliteketea. Watu walikuwepo na maji yalikuwepo. Kilichokosekana ni viungo vya kuyaunganisha.

Hatari kubwa zaidi ni hesi zinazofanana bila ya kuwa sawa. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika inchi moja, na ya Marekani ina meno 13. Hesi yenye meno 20 katika inchi ina milimita 1.27 baina ya jino na jino, na ya milimita iliyo karibu nayo ina 1.25. Tofauti hiyo jicho haliioni, lakini baada ya meno 10 huwa imefika milimita 0.2. Bolti huingia mizunguko michache, kisha hukaza. Hapo ndipo mwenye haraka huchukua spana ndefu na kulazimisha, na kuharibu meno ya pande zote mbili. Bolti na nati hazina budi kulingana kama chanda na pete.

Je, fundi afanye nini akiletewa tundu lenye hesi ngeni, naye hana tepu ya kipimo hicho? Dawa ni mashine ya kukereza. Kwanza apime ule mti wa chuma utakaoingia ndani: unene wake, umbali baina ya jino na jino, pembe ya jino, na upande wa mzunguko, kulia au kushoto. Asihesabu meno mawili au matatu tu. Ahesabu mengi kadiri awezavyo, ili kosa dogo lijitokeze.

Pili, achimbe tundu kwa kipimo kinachostahiki. Kwa hesi za digrii 60, unene wa mti hupunguzwa umbali wa jino hadi jino uliozidishwa kwa 1.08. Mti wa milimita 30 wenye umbali wa 1.5 huhitaji tundu la milimita 28.38. Kwa hesi za Whitworth huzidishwa kwa 1.28. Inchi moja yenye meno 8 huhitaji tundu la milimita 21.33.

Tatu, apange giya za mashine. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kipimo kilichokubaliwa na nchi za Kiingereza mwaka 1959. Ndiyo maana mashine ya inchi inayotakiwa kukata hesi za milimita hutumia giya yenye meno 127, kwani 127 ikigawanywa kwa 5 ni 25.4. Katika kazi hiyo fundi asifungue nati inayoendesha kisu mpaka amalize. Arudishe mashine nyuma huku imeshika, la sivyo kisu hakitarudi katika njia yake.

Nne, kisu kinolewe kwa pembe ile ile ya jino, na chuma kinachokibeba kiwe kinene na kifupi kadiri tundu linavyoruhusu, kwa sababu chuma chembamba hupinda na jino hutoka na kasoro. Ikiwa tundu halikutoboka upande wa pili, ukatwe mfereji mwembamba mwishoni ili kisu kipate pa kupumzika. Hesi za kushoto huanzia katika mfereji huo na kutoka nje. Mkato wa kwanza uwe mkwaruzo tu, upimwe, ndipo kazi iendelee kidogo kidogo. Chuma laini hutaka mafuta, aluminiamu hukatika vizuri kwa mafuta ya taa, na chuma cha kusubu hukatwa kikavu.

Tano, kazi isitolewe katika mashine kabla ya kujaribiwa kwa mti wenyewe au kwa mfano wake. Ikishatolewa, kuirudisha mahala pale pale ni taabu kubwa.

Lipo na jambo ambalo halina ruhusa. Viungo vya asetilini vimewekewa hesi za kushoto kwa makusudi, ili visiweze kufungwa mahala pa oksijeni. Mtu yeyote asikate kiungo cha kuvunja mpango huo, hata kazi iwe ya haraka namna gani. Ugeni wa hesi zile ndio ulinzi wa roho za watu.

Kwa hayo, watunza bohari wanaombwa waandike katika daftari aina ya hesi za kila mtambo, siyo unene wa bolti peke yake. Wanaopeleka kazi karakana wapeleke vipande vyote viwili, kinachoingia na kinachoingiliwa, hata kama kimoja kimeharibika, kwani meno mawili mazima yaliyosalia ni ushahidi wa kutosha kuanzia kazi. Wakuu wa idara nao wasimhimize fundi aache kupima. Muda wa kupima ni mfupi kuliko muda wa kungoja kipuri kutoka ng'ambo.