Mabinti wa Nasaba

Baba Askofu, wachungaji, wazee wetu wa Ugogo, akina mama mnaohitimu leo darasa la Biblia, mabibi na mabwana,

Kwa kuwa mmenistahi kwa kunialika, nami si mwanazuoni wa dini, naomba idhini nizungumze juu ya kurasa ambazo wasomaji wengi, na wahubiri pia, huzipita mbio kwa kuchoshwa na majina: nasaba za Mambo ya Nyakati. Humo, katika sura ya 7 ya kitabu cha kwanza, wametajwa wana wa Efraimu walioteremka kwenda kuteka ng'ombe wa watu wa Gathi, wakauawa huko, na baba yao akakaa matanga siku nyingi; msiba ambao katika nchi hii ya wafugaji hauhitaji sherehe ya maneno. Kisha, pasipo kishindo chochote, anatajwa binti wa nyumba hiyohiyo, Sheera, aliyejenga Beth-horoni ya chini, na ya juu, na Uzen-sheera uliochukua jina lake. Wala Beth-horoni haikuwa mahali pa kudharauliwa, maana ilishika njia ipandayo milimani kutoka nchi ya pwani, hata Sulemani baadaye akaitilia kuta, malango na makomeo. Nasi tukaao Dodoma, mji ulioamriwa mwaka 1973 kuwa makao makuu na ambao mafundi wangali juu ya kuta zake, hatujapata kusikia hata mtoto mmoja akibatizwa Sheera!

Wala Sheera si binti wa pekee wa kukumbukwa: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao asiyezaa mwana wa kiume, wakapewa. Lakini baadaye walifungwa kwa sharti la kuolewa ndani ya kabila lao, sharti nisiloweza kulifumbia macho. Kwetu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alihukumu mwaka 1990 kwamba mila ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo yapingana na Katiba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha kila mila imnyimayo mwanamke ardhi. Hata hivyo, wangapi kati yenu majina yao yamo katika hati za mashamba wanayoyalima?

Sasa nitatoa vyeti. Namwomba msomaji ataje kila mhitimu kwa jina lake, na la mama yake pia.