Njoo na Kiti, Usije na Kamba

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Nyalenda, Kisumu)

Sitasema mengi, maana najua wengine wenu mmeacha samaki sokoni.

Nataka kuanza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, kijana wa jirani yetu alishikwa usiku. Alisema kuna watu wanamwita kutoka ziwani. Alivunja mlango, akakataa kushikwa. Sisi majirani tukaja mbio. Mmoja akasema ni chira, mwingine akasema ni bangi, na watoto wakawa wanacheka, "Janeko! Janeko!" Ikatafutwa kamba. Jamani, kamba hiyo niliitoa mimi, ile yangu ya kuanikia nguo. Tulimfunga, tukampeleka hospitali kwa mkokoteni. Tukaketi kwenye benchi mpaka asubuhi. Akadungwa sindano, akalala, tukaambiwa turudi naye nyumbani. Basi, kazi yenyewe ndiyo ilianza hapo, na hakuna aliyeijua.

Alipopata nafuu aliniambia, "Mama, sindano niliisahau. Kamba yako sijaisahau."

Hospitali ina kazi yake, lakini hospitali ni ya saa chache. Siku zinazobaki ni zetu. Sasa tufanye nini?

Kwanza, punguzeni watu. Aongee mtu mmoja ambaye mgonjwa anamwamini, kwa sauti ya chini, akiwa ameketi. Asibishane naye juu ya sauti anazosikia, wala asijifanye kuzisikia. Aseme tu, "Naona unaogopa. Niko hapa na wewe."

Pili, ondoeni polepole vitu vya hatari: panga, kamba, dawa ya panya, dawa ya kupulizia mboga. Nchi ya Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi, idadi ya watu wanaojiua ilishuka sana. Hamu ya kufa mara nyingi hupita. Sumu ikiwa mbali, mtu hupata nafasi.

Tatu, ulizeni waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba ukiuliza utampa wazo. Sivyo. Swali hilo humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, usiku wala mchana.

Nne, jueni wakati wa kukimbia hospitali. Homa kali, kifafa kisichokoma, kuumia kichwa, kunywa sumu, au mama aliyejifungua juzi na sasa amechanganyikiwa: hapo msingoje. Kwetu hapa kando ya ziwa, malaria ikipanda kichwani mtu huongea ovyo, na ikicheleweshwa inaua. Aliyekunywa sumu msimlazimishe kutapika, ila mbebe na chupa yake daktari aione. Maombi yafanyike njiani.

Wengine huficha mtu aliyejaribu kujiua kwa kuogopa polisi. Ni kweli, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimhesabu kuwa mkosaji. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi mpelekeni bila hofu.

Msiseme, "Sisi si madaktari." Kule Zimbabwe, mwaka 2006, Dakt. Dixon Chibanda alianza kufundisha akina nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na wenye huzuni kwenye benchi la mbao na kuwasikiliza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu waliosaidiwa kwa njia hiyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Je, akina dani wetu wa Pandpieri na Dunga wameshindwa na nini?

Kila kikundi kichague watu wawili wa kuitwa usiku. Wekeni mfuko mdogo wa nauli na dawa. Mmoja amkumbushe mgonjwa siku ya kliniki. Mjulisheni mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Tangu 2023 nchi yetu ina zaidi ya 100,000. Na mkikwama, Msalaba Mwekundu wana simu ya bure, 1199. Ya watoto ni 116.

Yule kijana siku hizi hutengeneza baiskeli kando ya barabara, na bado anameza dawa. Mara nyingine hutetereka, na mama yake hutuma mtoto kuniita, hata kama ni saa nane za usiku. Mimi huenda na kiti changu tu. Tunaketi mpaka kupambazuke.